Mboga za Mama Idah

Tangazo kwa watu wote wa Thika, Ruiru na vijiji vya karibu. Mimi, Tobias Omondi mwana wa Opiyo, Kiranja Mkuu wa Afya na Usafi katika shule ya bweni, leo nitawafundisha namna ya kuutunza mwili. Kaeni vizuri. Wafuteni watoto pua. Sikilizeni.

Kabla hamjanipigia makofi, niseme kwamba shuleni kwetu kiranja wa usafi ndiye anayeosha vyoo. Nilipewa cheo hicho baada ya chura kupatikana ndani ya buti la mwalimu wa zamu. Mambo ya afya nilijifunza baadaye, likizo ya Aprili mwaka 1957, nyumbani kwa baba.

Baba alikuwa askari wa geti katika shamba la mkonge, kati ya Thika na Ruiru. Zamani alikuwa akikata mkonge. Mama alipofariki, mwaka uliotangulia, nyapara alimwonea huruma akamweka getini. Kazi yake ilikuwa kuinua boriti lori likija, na kuishusha lori likipita. Kati ya lori moja na jingine alikaa juu ya sanduku peke yake, akitazama barabara.

Tuliishi laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizojengwa mstari mmoja. Chumba chetu kilikuwa namba kumi na moja. Mama alipokuwapo, majirani waliingia bila kubisha hodi. Sasa hakuna aliyeingia. Siku niliyofika na sanduku langu la shule, baba alisema, "Umekuja."

"Nimekuja, baba."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu mpaka kesho yake.

Asubuhi alipika ugali wa posho ya shamba. Alikula nusu kwa chumvi. Nusu nyingine aliifunika kwa sahani, akaila jioni ikiwa baridi, pamoja na chai ya rangi yenye sukari nyingi. Kesho yake vivyo hivyo.

"Baba, mboga hatuli?"

"Mboga alikuwa akichuma mama yako."

"Na sasa?"

"Sasa hayupo."

Siku ya tatu niliona damu kwenye tonge lake. Ilikuwa imetoka kwenye fizi. Aliona kwamba nimeona, akageuka upande. Ndipo nikatazama miguu yake. Ilikuwa na madoa meusi, kama ya mtu aliyepigwa fimbo, na hakuna aliyempiga. Akitaka kusimama, alishika ukuta.

"Ni huzuni," alisema. "Damu yangu inamfuata mama yako."

Mimi huwa sikosi mzaha. Siku hiyo nilikosa. Nilikuwa nimezika mzazi mmoja, na nilimtazama yule aliyebaki akimeza ugali polepole kwa sababu meno yalikuwa yakicheza.

Jumamosi tulipanda lori la mkonge mpaka dispensari moja huko Ruiru. Dresa, yule mtu anayewatibu wagonjwa, aliitwa Muthoka. Alikuwa mnene, na sauti yake ilikuwa ya chini. Baba alikunja mkono wa shati hata kabla ya kukaa.

"Shusha shati, mzee," Muthoka alisema. "Sijakuuliza hata unaumwa wapi."

"Nataka sindano."

"Kila mtu anataka sindano. Jana mmoja alikuja kumwombea ng'ombe wake sindano. Fungua mdomo."

Alitazama fizi. Akabonyeza madoa ya miguu. Kisha akavuta kiti.

"Unakula nini?"

"Ugali."

"Na nini?"

"Chumvi."

"Mboga? Matunda?"

Baba alitikisa kichwa.

"Tangu lini?" Muthoka aliuliza taratibu.

"Tangu mwezi wa tisa. Mke wangu alipofariki."

"Pole, mzee. Sasa nisikilize. Ugonjwa huu unaitwa kiseyeye. Hujarogwa, wala marehemu hakuvuti damu. Kuna kitu ambacho mwili hukipata kwenye mboga za majani na matunda. Kwenye ugali hakimo. Ukikikosa miezi mingi, fizi hutoka damu, miguu hutoka madoa, nguvu huisha. Ukiacha hivyo, meno yatang'oka. Na mtu anaweza kufa."

"Basi nipe dawa."

"Dawa imeota nje ya mlango wako. Mvua imenyesha. Hujaona mboga za mnavu na mchicha kandokando ya shamba? Zioshe. Zipike kidogo tu, na yale maji usiyamwage, yanywe. Kula pera au limau kila siku, bichi, si la kupikwa. Maharagwe ukipata, kula. Sukari punguza." Akaigusa miguu ya baba tena. "Na miguu hii imekaa juu ya sanduku mno. Wiki hii tembea kila jioni mpaka mwisho wa laini, polepole. Ukipata nguvu, utakuja huku kwa miguu. Wiki mbili zikipita bila nafuu, nitakupeleka hospitali kubwa Thika."

Tulipofika nyumbani baba alisema, "Mwanamume hachumi mboga."

"Nitachuma mimi."

"Wewe ni msichana? Wapakiaji wa lori wanapita hapa kila siku. Waone mtoto wa Opiyo ameinama na kikapu? Hapana. Afadhali meno yatoke."

Alfajiri, kabla hajaamka, nilikwenda kandokando ya shamba nikachuma mboga za mnavu. Nilizipika alipokuwa getini. Jioni nilimwekea sahani mbele. Aliisukuma.

"Umetoa wapi?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi bila kuniuliza.

"Mama Idah amekuletea."

Mama Idah ni Magdalene, mjane wa namba nne. Alikuwa rafiki ya mama, na waliimba pamoja katika kwaya ya kanisa. Baba asingeweza kukataa chakula cha jirani. Kwetu hilo ni tusi.

Aliivuta tena ile sahani.

"Mama Idah wa namba nne?"

"Ndiye."

"Alisema nini?"

"Alisema ule zikiwa moto."

Alikula zote. Alikunywa na maji yake.

Basi ikawa hivyo kila siku. Alfajiri nilichuma. Malimau niliyaokota chini ya mlimau wa zamani nyuma ya stoo. Mara ya kwanza nilipika mboga mpaka zikawa nyeusi kama za shuleni. Baadaye nilijua kuziepua zikiwa bado za kijani. Na kila jioni baba aliuliza, "Leo amesema nini?"

"Anasema chai ya leo uweke kijiko kimoja tu cha sukari."

"Anajuaje kuhusu sukari yangu?"

"Wanawake wanajua mambo mengi, baba."

"Hilo ni kweli."

Siku nyingine nilisema Mama Idah anamtaka atembee mpaka mwisho wa laini. Alivaa kofia, akatembea. Alipopita namba nne aliinua kofia. "Habari ya jioni, Mama Idah."

"Njema, Baba Tobias."

Basi. Baba hakusimama, wala Mama Idah hakuongeza neno. Lakini baba alirudi akitabasamu kidogo. Wiki ya pili alinyoa ndevu. Akaanza kuzungumza wakati wa kula. Alinieleza jinsi mama alivyochanganya mnavu na maziwa, na jinsi alivyomcheka baba alipojaribu kukoroga. Damu kwenye fizi ilikoma. Madoa ya miguu yalififia. Jumamosi ya tatu tulikwenda Ruiru kwa miguu. Tulipumzika mara nne njiani, na Muthoka alipomtazama mdomoni alisema, "Yeyote anayekupikia, usimwache."

Maneno hayo ndiyo yaliyoniponza.

Jumapili ya mwisho ya likizo, baba alivaa koti. Alijaza mapera kwenye kikapu.

"Twende tukamshukuru Mama Idah."

"Baba, tumbo linaniuma."

"Litauma huko huko."

Mama Idah alitukaribisha kwa mshangao. Baba alikalia ncha ya kiti, kikapu magotini.

"Mama Idah, nimepona. Nimekuja kusema asante kwa mboga."

"Mboga gani, Baba Tobias?"

Baba alicheka kidogo. "Zile za kila siku."

"Mimi na mgongo huu? Tangu mvua ianze sijachuma hata jani moja."

Idah, mtoto wake wa miaka minane, alinyoosha kidole. "Anayechuma ni Tobias. Nimemwona. Anachuma vibaya, anang'oa na mizizi."

Wote walinitazama. Nilitafuta uongo wa kunitoa pale, nikakuta umekwisha.

"Nilichuma mimi," nilisema. "Na kupika. Na yale maneno yote yalikuwa yangu. Mama Idah hakusema kitu. Hakujua hata kama unaumwa."

Baba aliweka kikapu chini polepole. Uso wake ukawa ule wa getini.

"Hakusema kitu," alirudia.

Mama Idah aliitazama miguu ya baba. Kisha alisema, "Nyumba saba tu kutoka hapa, mtu anatoka damu mdomoni, na mimi sijui. Nimepita mlangoni kwako mara nyingi, Baba Tobias. Nilisikia kimya, nikaogopa kukusumbua."

"Ungenisumbua tu," baba alisema.

Mama Idah alijifuta macho kwa leso. Aliinuka, akaleta sahani ya maharagwe na mchicha, akaiweka katikati yetu sote.

"Mtoto akirudi shule, nani atakuchumia?"

Baba aliitazama mikono yake.

"Nitachuma mwenyewe."

"Wapakiaji watacheka."

"Wacheke. Na mimi nina meno ya kucheka nao."

"Basi nikusikie ukipita, nami nitatoka na kikapu changu. Pale mgongo wangu usipokubali, utainama wewe."

Tulirudi nyumbani polepole. Mbele ya namba nane baba alisimama.

"Wuoda," alisema. Ni neno letu la kusema mwanangu, na sikuwa nimelisikia tangu mazishi. "Kila siku alfajiri?"

"Kila siku, baba. Hata siku za mvua."

Alinishika bega. Tulitembea hatua chache. Akasimama tena.

"Na ile Ijumaa niliyokwenda chooni mara sita, ukasema ni maji ya mto?"

Nilitazama chini.

"Ile nayo ni mimi, baba. Nilichuma jani nisilolijua."