Mama Mbula Akataa Mpira wa Kupumulia

Kila asubuhi Nzisa alimtoa mama yake nje, mbele ya jiko, aote jua, kisha akamkorogea uji mwepesi. Mama Mbula alikuwa amepika kwa kuni maisha yake yote, na sasa mapafu yake yalikuwa yamechoka. Daktari wa kliniki alikuwa amesema wazi kwamba hayatapona.

"Nzisa," mama alimwambia siku moja, akipumzika kati ya maneno, "pumzi ikikata, msinitie mpira kooni. Niliona dada yangu alivyoteseka. Niacheni nife kwangu."

"Nimesikia, mwaitu," Nzisa akasema, akimwita mama kwa Kikamba.

Nzisa hakumwambia mtu. Pale kwao, kuzungumzia kifo cha mtu aliye hai ni kama kumwombea afe.

Jumamosi moja mchana, kaka yake Nzuki, anayefanya kazi kiwandani Athi River, alikuja na unga na sukari. Kabla hajaketi, mama alianza kutweta. Midomo yake ikawa ya buluu. Nzuki akaita ambulensi, nayo ikaja na daktari wa dharura, Daktari Nthenya.

Daktari alipotoa mpira wa kupumulia, Nzisa alimzuia. "Usimtie! Mama amekataa."

"Amekataa lini?" Nzuki akafoka. "Juzi nilipokuja aliniambia atapona! Sema tu umechoka kumlea."

"Mimi nimechoka? Wewe unayeleta sukari na kuondoka?"

"Kuna maandishi yoyote?" daktari akauliza.

Hakukuwa na maandishi. Daktari akaingiza mpira.

Mama Mbula alilala siku nyingi hospitalini kwenye mashine, mikono imefungwa ili asiung'oe. Siku mpira ulipotolewa, Nzisa na Nzuki wakiwa kando ya kitanda, sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini maneno yalisikika vizuri.

"Nani aliwatuma mnirudishe?"

Nzisa aliwaka kwa hasira. Daktari Nthenya alipopita wodini kumjulia hali, hata salamu hakumpa.

"Ulinisikia kwa masikio yako! Mbona ulimtesa mama yangu?"

"Nilisikia watu wawili," daktari akasema. "Mmoja aliniambia niache, mwingine niokoe. Hapa hospitalini kuna faili, na daktari wake yupo. Kwenu nilikuwa na dakika chache tu, na mama sikumjua. Mashine inaweza kuondolewa baadaye. Aliyeachwa afe kimakosa harudi."

"Kwa hiyo ukamtesa tu."

"Ndiyo, nilimtesa. Unadhani napenda? Mimi pia nina hasira! Mnakaa na ugonjwa miaka mingi mkinyamaza, halafu mnamwachia mgeni aamue." Akamgeukia mama. "Mama, Nzuki ulimwambia nini?"

Mama Mbula akatazama ukuta. "Nilimwambia nitapona. Mtoto ametoka mbali na unga wake. Ningemwambiaje nakufa?"

"Mwaitu!" Nzuki akaruka. "Kumbe mimi nilipigania maneno ya kunifurahisha tu?"

"Na mimi nikaonekana muuaji!" Nzisa akasema.

"Pigeni kelele," mama akasema. "Angalau leo mko pamoja."

Daktari akavuta kiti. Akawaeleza kwamba mgonjwa aseme anachotaka akiwa na akili timamu, mbele ya wote, wala si kwa kila mtoto peke yake. Daktari anayemtibu aandike na kutia sahihi, kisha nakala moja ikae kwenye faili na nyingine nyumbani, pale kitandani kwake. Achaguliwe mmoja wa kusema kwa niaba yake.

"Na mama akibadili mawazo?" Nzuki akauliza.

"Neno lake la mwisho ndilo linalofuatwa. Na kukataa mashine si kukataa matibabu. Dawa ya kupunguza taabu atapewa."

Wakafanya hivyo wiki hiyohiyo. Mama alimchagua Nzuki amsemee. Nzisa alikasirika.

"Wewe nakuamini tayari," mama akamwambia. "Huyu ndiye anayehitaji kujifunza kulisema neno langu."

Mvua zilipoanza, mama akiwa amesharudi nyumbani, pumzi ilikata tena. Ambulensi ikaja na daktari mwingine, kijana, asiyewajua. Alisoma karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya kitanda, kisha akauliza, "Nani anamsemea mama?"

Nzisa akamgeukia Nzuki.

"Mimi," Nzuki akasema, machozi yakimtiririka. "Mpunguzie taabu. Usimrudishe."

Daktari akampa mama hewa ya oksijeni na dawa ya kumtuliza. Hakumtia mpira. Mama Mbula alikufa kitandani mwake, mkono mmoja ukiwa kwa Nzisa na mwingine kwa Nzuki, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumlaumu mwenzake.