Kibati Namba Thelathini

Nilifua mashuka ya reli miaka kumi na tisa, na mpaka leo nikiona shuka limekunjwa ovyo mkono unaniwasha. Mji wetu uliishi kwa king'ora cha treni. Sisi wanawake wa dobi tulikuwa nyuma ya karakana, katika jengo refu lenye mlango mmoja, tukifua mashuka ya mabehewa ya kulala.

Mlangoni palikuwa na ubao wa misumari. Ukiingia unatundika kibati chako chenye namba. Ukitoka unakitundua mwenyewe. Zamani mama mmoja alisinzia nyuma ya mashine akafungiwa humo siku mbili. Tangu hapo sheria ikawa moja: ubao usipokuwa mtupu, hatoki mtu.

Mimi nilikuwa namba thelathini. Thelathini na moja alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, bingwa wa kuchelewa. Nilimtania, "Hivi wewe uliolewa na kaka yangu au na kitanda?"

"Kaka yako anakoroma, wifi. Usingizi wenyewe naupata alfajiri."

Nyapara wetu alikuwa ameshamwonya mara mbili. Ya tatu angefukuzwa. Basi jioni moja akanipa kibati chake. "Kesho nikichelewa, nitundikie." Kesho yake king'ora kikalia, hajafika. Nikatundika vyote viwili. Wema hauozi, nilijiambia.

Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnavutana, mnakutana katikati. Nilishika zangu, nikasikia upande wa pili umevutwa. Shuka lilituficha, lakini chini yake niliona miguu: mmoja una kiatu, mwingine peku. Nikacheka.

"Umefika lini?"

"Sasa hivi," akanong'ona.

Tulikunja mpaka saa sita. Kila tulipokutana alinikabidhi pembe, akainama kuchukua shuka jingine. Uso sikuuona, wala sikuutafuta. Vidole vyake vilikuwa baridi, lakini vya nani havikuwa baridi kwenye maji yale?

Saa sita kaka yangu akaja dirishani, macho mekundu.

"Dada, mwenzio ametutoka. Alfajiri. Aliinama kufunga viatu, hakuinuka tena." Akashika nondo za dirisha. "Alikuwa amevaa kimoja tu."

Niligeuka. Shuka lilikuwa hewani. Pembe mbili zimeshikwa. Linanisubiri.

Nilimkimbilia nyapara. Niliona bora nifukuzwe kuliko kubaki humo. "Nimefiwa, naomba kutoka. Na ile thelathini na moja nimeitundika mimi. Mwenyewe hakuja. Amefariki."

Nyapara akanitazama, hasira zikimpanda. "Msiba mnaufanyia mzaha? Si nimemwona asubuhi nzima mnakunja naye? Rudi kazini. Mtatoka pamoja."

Saa kumi wenzangu wakatundua vyao, wakapanga foleni. Ubaoni vikabaki viwili: thelathini, thelathini na moja. Mlango ukabaki umefungwa.

"Tuna watoto nyumbani!" wakanifokea. "Mwite wifi yako!"

Nani amwite? Nilikuwa nimeshamwita asubuhi, kwa mkono wangu.

Kando ya ubao palikuwa na shuka la mwisho kwenye kamba. Upepo haukuwepo. Likatikisika.

"Wifi," likanong'ona. "Usiniache humu."

Nilimpenda yule mwanamke, Mungu ananijua. Lakini nilimwogopa zaidi. Nikanyakua kibati chake. Papo hapo mkono ukatoka nyuma ya shuka, mwembamba, umekunjamana kwa sabuni. Ukachukua changu.

Nyapara akaona ubao mtupu. "Haya, tokeni."

Nilikimbia. Kesho yake nikakitumbukiza chake kaburini kabla ya udongo. Changu kikapotea, nikapewa kingine, namba nyingine. Lakini tangu siku ile sikuwahi kujisikia nimetoka. Dobi lilifungwa, nikastaafu, mvuke wa mashine zake bado uko kifuani. Hapa nyumbani nikianika mashuka asubuhi, mchana nayakuta yamekunjwa, pembe kwa pembe, kama ya reli. Binti yangu husema, "Mama, wewe hukubali kuzeeka."

Jana juu ya mashuka palikuwa na kibati. Namba thelathini. Kimelowa, kinanuka sabuni yetu.

Mimi nilimtundikia. Yeye amenitundulia. Na pale dobi, kibati kilikuwa hakirudi mkononi mwa mwenyewe mpaka zamu yake iishe.

Leo binti yangu anakuja kunichukua twende hospitali. Nimeshavaa, nimekaa kitandani. Kiatu kimoja kiko mguuni, kamba hazijafungwa. Cha pili nimekishika mkononi. Namsikia anabisha hodi, naogopa kuinama.