Wageni wa Simu ya Mwanasaumu

Nyumbani kwa Mwanasaumu, kule Mtongwe, mgeni hafukuzwi. Ukipiga hodi utaitikiwa karibu, hata kama umekuja kudai sufuria yako. Ndivyo mama huyu alivyolelewa, na ndivyo alivyomlea binti yake.

Asubuhi alipalilia shamba lake dogo la mihogo. Alasiri aliteleka karai akakaanga mihogo ya kuuza, kwa pilipili na ndimu. Mumewe, Faki, alikuwa seremala. Binti yao, Zuleikha, aliwapaka maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi ya mauani, na mkono wake ulisifiwa Likoni nzima.

Mashaka yalianza Mwanasaumu aliponunua simu. Ile ya zamani ilitumbukia kwenye ndoo ya mihogo. Akanunua nyingine, ya mkono wa pili, kwa kijana mmoja karibu na feri.

"Mama, hii imefunguliwa kila kitu," kijana alijigamba.

Mwanasaumu akadhani hiyo ni sifa.

Ndani ya simu alikuta programu thelathini ambazo hakuziweka yeye. Kila siku moja ilijitokeza na kuomba jambo. Hii yaomba kutumia maikrofoni. Ile yaomba kusoma majina ya watu wake. Chini yake kulikuwa na maneno mawili: Ruhusu, Kataa.

"Karibu," alisema Mwanasaumu, akabonyeza Ruhusu.

"Mama, wasoma kwanza unachokiruhusu?" aliuliza Zuleikha.

"Nimesoma. Imeomba kwa adabu. Mtu akikuomba kwa adabu, wamwambiaje kataa?"

Baada ya mwezi mmoja simu ilikuwa ya moto kama karai. Picha hazikuingia. Ilisema nafasi imejaa. Ikaanza pia kupiga kelele ovyo, mara muziki, mara matangazo. Mwanasaumu alivumilia. Mgeni, hata akiwa na domo, ni mgeni.

Kisha ikaja ile Ijumaa ya posa.

Kijana aitwaye Jafar, wa Mishomoroni, alimtaka Zuleikha, na Zuleikha alimtaka Jafar. Mkuu wa msafara alikuwa shangazi yake Jafar, Bi Mishi. Huyu ndiye aliyemlea kijana, na neno lake lilikuwa la mwisho. Wageni wakakaa mkekani. Fatiha ikasomwa. Watu wakaitikia Amin, wakapangusa nyuso zao.

Hapo simu ya Mwanasaumu, iliyokuwa juu ya kabati, ikapaza sauti ya msichana mwenye furaha nyingi:

"Hongera, mrembo! Wanaume kumi na wawili walio karibu nawe wanakusubiri! Fungua Pendo Karibu!"

Faki akatazama dari. Zuleikha akajifunika kanga uso mzima.

Bi Mishi akaweka kikombe chake chini, taratibu.

"Kumi na wawili," alisema. "Basi sisi ni wa kumi na tatu."

"Bi Mishi, wallahi, hata siwajui!" Mwanasaumu alisema, na akajuta papo hapo.

Msafara uliondoka kabla ya sambusa kuletwa. Siku tatu baadaye Bi Mishi alimpigia Faki. Maneno yake yalikuwa machache. Watarudi Ijumaa ijayo, kwa ajili ya machozi ya Jafar tu. Wakisikia mwanamume mwingine hata mmoja, basi, posa imekwisha.

Zuleikha hakula siku hiyo. Mwanasaumu alimtazama mwanawe akaona uchungu hasa, maana kosa halikuwa la mtoto. Akajifunga leso, akachukua simu, akamshika binti yake mkono. Wakaenda kwa Velma.

Velma alikuwa jirani yao na fundi wa simu. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, na meza yake imejaa bisibisi na vioo vilivyopasuka.

"Shikamoo, Mama Zuleikha."

"Marahaba, mwanangu. Nitolee wanaume kumi na wawili humu ndani."

Velma alisikiliza kisa chote huku akiuma mdomo asicheke. Kisha akafungua Mipangilio, akaingia kwenye Programu, akagusa Pendo Karibu.

"Hii hukuiweka wewe, mama. Ilikuja na simu. Simu nyingine, hasa za bei rahisi, hupakiwa vitu vya namna hii tangu kiwandani. Ona, neno la kuiondoa halipo. Neno Zima lipo, lakini limefifia. Nikiligusa, halisikii."

"Basi nimekwisha."

"Bado. Ingekuwa simu ya kawaida, tungenyamazisha arifa zake, tukaishia hapo. Lakini yako imerutiwa."

"Imefanywaje?"

"Imerutiwa. Kila simu ina kufuli ndani, ili mtu asiguse mambo ya ndani kabisa. Mtu aliyekuwa na hii kabla yako alilivunja kufuli hilo. Sasa kuna ufunguo mkuu. Mwenye ufunguo huo aweza kuzima chochote."

"Alhamdulillahi!"

"Ngoja kwanza kushukuru. Chochote maana yake chochote, hata kile ambacho simu haiwezi kuishi bila hicho. Tena programu ikipewa ufunguo mkuu, yaweza kusoma ujumbe wako wote. Umempa nani?"

Velma akatazama mwenyewe. Kulikuwa na programu iitwayo Usafi Haraka. Ilikuwa na ufunguo mkuu tangu siku ya pili.

"Iliniomba," alisema Mwanasaumu kwa sauti ndogo. "Kwa adabu."

Velma akashindwa. Alicheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

"Mama, simu si sebule. Humu ndani neno Kataa si utovu wa adabu. Programu ya usafi yataka ufunguo mkuu wa nini? Yataka kufagia nini, barua zako? Ukiombwa usilolielewa, kataa. Ikiwa na haja ya kweli, itarudi kuomba tena, nawe utakuwa umeshauliza."

Akaipokonya Usafi Haraka ufunguo ule. Akamwonya pia asiweke programu ya benki kwenye simu ile, kwa kuwa nyingi huikataa simu iliyorutiwa, na wenye benki sababu wanayo.

"Sasa futa zote," alisema Mwanasaumu. "Zote!"

"La. Twazima, hatufuti. Kilichozimwa kipo, kimelala. Ukikosea, wakiamsha. Kilichofutwa kimekwenda, na simu yaweza kukataa kuwaka. Na kabla ya kugusa lolote, tuhifadhi picha zako."

Alizihamishia picha kwenye kadi ndogo. Halafu akamwekea mama programu moja ya kuzimia nyingine, na hiyo ndiyo iliyopewa ufunguo mkuu. Akamwaga taka zote ambazo Pendo Karibu ilikuwa imejiwekea, kisha akaizima. Akaiwasha simu upya. Wakajaribu kupiga, wakajaribu kamera, wakajaribu ujumbe. Vyote vilifanya kazi. Wakafanya vivyo hivyo kwa Usafi Haraka na kwa nyingine iitwayo Nyota ya Leo, iliyomwambia Mwanasaumu kila asubuhi ajihadhari na mtu mfupi. Faki ni mfupi.

"Nyingine utazima mwenyewe nyumbani," alisema Velma. "Moja kwa siku, usizidishe. Usiyoijua, niulize kwanza. Na kila unayoizima, andika jina lake."

"Karatasi hupotea nyumbani kwetu," alisema Mwanasaumu. Akamnyoshea binti yake mkono. "Zuleikha!"

"Abee, mama."

"Piko unalo?"

Alikuwa nalo mkobani. Basi majina matatu yakaandikwa kwenye kigasha cha Mwanasaumu, kuanzia kiganjani kwenda kiwikoni, kwa hati nzuri, na ua dogo pembeni.

Kwa siku mbili Mwanasaumu alikuwa mtiifu. Alizima mchezo mmoja wa matunda, na duka moja lililouza viatu vya mguu mmoja mmoja, au ndivyo alivyoelewa picha zake. Simu ikawa nyepesi. Haikuchemka tena. Picha zikaingia.

Siku ya Alhamisi ndipo shetani alipompitia. Bi Mishi alikuwa amesema atapiga simu kabla ya magharibi, kwa Mwanasaumu mwenyewe, kumwambia saa ya kuja. Akikosa kupokelewa, haji. Mwanasaumu akawaza: je, kama humu amebaki mwanamume mmoja, amejificha? Na yeye akishika ufagio, haachi nusu ya ua. Akakaa jikoni, akaanza kusoma majina.

"Hii sijapata kuifungua hata siku moja," alisema. Zima. "Na hii je? Sijapata kuiona." Zima. Kila alipozima alimwita Zuleikha aandike, na Zuleikha akaandika, mpaka orodha ikakaribia kiwiko.

"Mama, Velma alisema moja kwa siku."

"Nalipia siku za mbele. Skrini ya Nyumbani, hii ni nini? Sijaifungua mimi." Zima.

Akabonyeza arudi mwanzo. Mwanzo haukuwapo. Simu ilikuwa nyeusi, na saa peke yake juu, saa kumi na robo.

"Zuleikha!"

"Abee, mama!"

"Nimeiua."

Walikimbia. Mwanasaumu alikimbia na kanga ya jikoni, unga wa mihogo mpaka kwenye nyusi, na watu njiani wakampisha wakidhani kuna moto. Velma aliitazama simu, kisha akauliza swali moja tu.

"Uliandika?"

Mwanasaumu akanyosha mkono. Velma akausoma kutoka kwenye kiganja kwenda juu, kwa kidole.

"Hii hapa, ya tisa. Skrini ya Nyumbani. Mama, hukuwahi kuifungua kwa sababu kila siku umo ndani yake. Na hii ya saba, Kibodi? Ndiyo ubao wa herufi zako. Ungemwandikia mtu kwa kitu gani, kwa piko?"

"Nifokee baadaye," alisema Mwanasaumu. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Posa ya mwanangu imo humo ndani."

Velma hakufoka. Aliiunganisha simu na kompyuta kwa waya, akaandika amri moja, kisha nyingine. Zile mbili zilikuwa zimelala tu, hazikufutwa. Zikaamka. Picha ndogo zikarudi kwenye kioo, moja moja.

"Ingekuwa umezifuta, leo ungelala bila simu," alisema Velma. "Na kama hukuandika, ningezitafuta mpaka isha."

Simu ikaita papo hapo. Mwanasaumu akajisafisha koo, akapokea.

"Kesho, baada ya swala ya Ijumaa," ilisema sauti ya Bi Mishi. Ikakatika.

Ijumaa ikafika. Bi Mishi aliingia, akaamkiwa, akaitikia marahaba, akakaa. Macho yake yalikwenda kwenye kabati.

"Ile simu iko wapi?"

"Ipo, Bi Mishi."

"Ilete. Iweke hapa katikati. Sauti iwe juu kabisa. Yangu mimi nimeizima tangu nilipopanda feri, siziamini tena."

Simu ikawekwa katikati ya mkeka, kati ya sinia la sambusa na birika la chai. Mwanasaumu alipoiweka, mkono wa buibui ukapanda. Bi Mishi akauona mkono.

"Mwanasaumu! Hiyo ni hirizi?"

"La. Ni orodha ya waliozimwa."

Bi Mishi akavaa miwani. Akausoma mkono wote bila haraka.

"Pendo Karibu. Huyu ndiye mwenye wanaume?"

"Ndiye."

"Wote kumi na wawili?"

"Wamezimwa wote."

"Na hawa wawili waliopigwa mstari?"

"Hao nilikosea. Nikawaamsha."

Bi Mishi aliguna. Fatiha ikasomwa. Watu wakaitikia Amin, na wote kwa pamoja wakaitazama simu. Hakuna aliyegusa sambusa. Faki alikuwa akitoa jasho. Dakika moja ikapita, kisha ya pili. Simu ilitulia pale, haina habari na mtu.

"Naona kimya," alisema Bi Mishi hatimaye, na uso wake ukaanza kulegea.

Simu ikaita.

Zuleikha alitoa ukelele mdogo. Mwanasaumu alinyosha mkono kuichukua, lakini Bi Mishi akamzuia.

"Pokea hapo hapo ilipo. Sote tusikie."

Mwanasaumu akabonyeza, akawasha spika. Sauti ya mwanamume ikajaa chumbani.

"Shikamoo, mama! Ni mimi Jafar. Samahani sana. Nampigia shangazi, hapatikani. Mama, wamekubali? Yaani, mumekubali? Sijala tangu jana."

Faki alikuwa wa kwanza kucheka, na alicheka vibaya, chai ikamtoka puani. Bi Mishi alijikaza, mabega yakamtikisika.

"Simu yenu ni nzima, Mwanasaumu," alisema. "Asiyejiweza ni huyu wetu. Zuleikha!"

"Abee, shangazi."

"Umemsikia. Wamtaka hivyo hivyo alivyo?"

Zuleikha alijibu akiwa ndani ya kanga, lakini alijibu kwa sauti. "Namtaka."

Faki akatikisa kichwa kukubali. Mwanasaumu alikuwa akilia na kucheka. Bi Mishi akainama juu ya simu, akaisogelea kama anayemnong'oneza mtoto.

"Jafar!"

"Naam, shangazi! Upo hapo? Wamesemaje?"

"Nenda kale, mwanangu," alisema Bi Mishi, akachukua sambusa ya kwanza. "Harusi yataka nguvu."