Kamba Iliyolia Ndani ya Riwaya

Kila asubuhi, jua likianza kugusa mawe makubwa ya Singida, tiara za umeme ziliinuliwa angani. Zilikuwa tiara kweli, kama zile wanazotengeneza watoto kwa magazeti na njiti, ila kila moja ilikuwa na upana wa kiwanja cha mpira. Upepo ulipozivuta, kamba zake za chuma zilizungusha mapipa makubwa yaliyofungwa chini, na mapipa hayo ndiyo yaliyotoa umeme wa kuwasha taa, kuendesha treni na kukamua mafuta ya alizeti ya mkoa mzima. Watu walishazizoea hata hawakuinua tena nyuso. Tiara ikimpitishia mtu kivuli siku ya jua kali, alishukuru akaendelea na safari yake.

Aliyezichunga alikuwa Mhandisi Sikudhani Mkumbo. Nyuma ya sikio lake, chini ya mtandio, kulikuwa na kitu kidogo kama punje ya alizeti. Kiliitwa kidakawazo.

Sikudhani alikuwa mhandisi, lakini alikuwa pia mwandishi wa hadithi. Kwa miaka alikuwa akiandika riwaya moja tu, ya mwanamke aitwaye Tausi, aliyekuwa akijiandaa kumwacha mume mlevi. Aliiandika wakati wa chakula cha mchana, kwenye foleni, na pale uwanjani akisubiri upepo ugeuke. Haikuisha. Kazi ya tiara haina Jumapili. Mara nyingi Tausi alibaki mlangoni na mizigo yake hadi mwezi mwingine, kwa sababu mhandisi ameitwa kukaza kamba.

Ndipo fundi wa duka moja akamweleza habari za kidakawazo.

"Dada, akili ya mtu ina mawazo ya aina mbili," alisema. "Yapo ya kazi, na yapo ya kuzurura. Ukiwa kazini, hiki kinayavuta yale yanayozurura, kinayapanga vizuri, na jioni unakuta sura nzima imeshaandikwa. Wewe kichwani unabaki na kazi tupu. Ugomvi umekwisha."

Na kweli ulikwisha. Sura zilitoka kila jioni zikiwa zimenyooka. Kazini nako Sikudhani akawa mtulivu kama maji ya mtungi.

Msimamizi wake, Gwandu, ndiye aliyefurahi kuliko wote.

"Dada Siku, zamani nilikuwa siwezi kunywa chai," alimwambia siku moja. "Nikishika kikombe tu, wewe huyo mlangoni. Je, ikiwa upepo utageuka? Je, ikiwa kamba imechoka? Ulikaribia kunipa vidonda vya tumbo!"

"Sasa kunywa, bosi wangu. Jicho la kamba si lipo?"

Jicho la kamba lilikuwa mashine ya ukaguzi iliyopanda na kushuka kwenye kila kamba ikitazama kama ina mchubuko. Kamba ikiwa nzima, taa ya kijani iliwaka.

"Lipo, na zote kijani," alisema Gwandu, akapuliza chai yake.

Basi Jumamosi moja Sikudhani akaenda kwa mama yake, Bi Mwantumu, mtaa wa Misuna, kumsomea sura mpya. Hiyo ilikuwa desturi yao tangu zamani. Binti anasoma, mama anachagua mchele kwenye ungo. Mashine ya kuchagua mchele ilikuwepo jikoni, imefunikwa kitambaa. Bi Mwantumu alisema mashine haijui kokoto ikoje jinoni.

Lakini miezi hii ya karibuni Bi Mwantumu alikuwa akisikiliza kimya. Zamani alikuwa akimkatiza kila mara: huyo Tausi mjinga, mwambie achukue sufuria zake, huyo mume hana hata mama? Tangu kidakawazo kije, hadithi zilipita mbele yake kama treni isiyosimama kituoni.

"Unasikiliza, mama?"

"Nasikiliza, mwanangu. Soma."

Sikudhani akasoma. Katika sura hii Tausi amefika mji wa tiara na amepanga chumba karibu na uwanja. Amelala chali anasikiliza kamba moja juu ya paa lake. Kamba inalia mlio usio wa kawaida, lakini Tausi hana wa kumwambia.

"Hapo hapo simama," alisema Bi Mwantumu. Mkono ulikuwa umetulia juu ya mchele. "Inaliaje?"

"Imeandikwa hapa, mlio usio wa..."

"Nimesikia hicho kilichoandikwa. Nakuuliza inaliaje. Mimi nilipokuwa nakuhadithia fisi, nilikwambia fisi alilia mlio usio wa kawaida? Si nililia, mpaka ukajificha kwenye khanga yangu? Hadithi ina sauti. Lia basi, tuisikie."

Sikudhani akacheka. Akavuta pumzi, akafumba macho, akatafuta.

"Ng'iiiii-tk," akalia. "Ng'iiiii-tk."

Kicheko kikamwishia mdomoni. Ule mlio haukuwa wa kubuni, aliujua. Ulikuwa wa tiara namba saba, na alikuwa ameupita wiki nzima akienda na kurudi, akitazama taa za kijani.

"Mama," alisema taratibu. "Hii siyo hadithi."

Akapiga simu uwanjani.

"Gwandu, ishushe Saba. Sasa hivi."

"Shikamoo haipo?" Gwandu alikuwa akitafuna kitu. "Dada Siku, Saba ni kijani. Leo siku ya mnada, nikiishusha kiwanda cha mafuta kinasimama, nitawaambia nini?"

"Kwa sababu ni siku ya mnada! Huo mnada uko chini ya kamba ipi?"

Gwandu akaacha kutafuna.

"Uzi wa ndani unakatika," akaendelea Sikudhani. "Jicho linaona ngozi tu, halioni moyo wa kamba."

"Wewe uko Misuna. Umeona nini?"

"Sijaona, nimesikia. Nimeisikia wiki nzima hapo hapo kazini. Kila nilipotaka kuogopa, hiki kitu kilidhani nazurura, kikauchukua woga wangu kikautia kwenye riwaya." Akasogeza simu mdomoni. "Toka nje, kaa chini ya Saba, usikilize hivi: ng'iiiii-tk."

Wakasikia kiti kikisukumwa, mlango, kisha upepo. Bi Mwantumu alikuwa amesimama, ungo kifuani, mchele ukimwagika miguuni naye hana habari.

Gwandu aliporudi hewani sauti yake ilikuwa ndogo. "Inalia hivyo hivyo. Naishusha."

Mama na binti wakatoka uani. Juu ya mapaa waliiona Saba ikianza kushuka, polepole, kama shuka linaloanuliwa kambani. Kule mnadani watu walikuwa wakishindania bei za mbuzi, hakuna aliyejua. Sikudhani alimshika mama yake mkono. Tiara ikapita usawa wa minara ya maji, ikapita usawa wa miti, ikafika usawa wa nyumba. Hapo kamba ikakatika. Mshindo wake ulifika hadi Misuna.

Simu ikalia.

"Imelala ndani ya uzio," alisema Gwandu, akihema. "Hakuna aliyeumia. Ila kamba imekipiga choo cha wafanyakazi, kimelala chini chote. Hakukuwa na mtu, alhamdulillahi! Mimi mwenyewe ndiyo nilikuwa naelekea."

Sikudhani akaketi kwenye ngazi. Akaingiza kidole nyuma ya sikio, akakibandua kidakawazo, akakiweka juu ya jiwe. Woga wote wa miezi ile ukamrudia kwa mkupuo. Aliona mnada, mbuzi, wale kina mama wa karanga wanaokaa na watoto mgongoni, akaona kamba ikiwashukia. Akalia kwa kwikwi. Kisha akamgeukia mama yake ghafla.

"Mama, umekula leo? Na ile dawa ya presha, umemeza?"

Bi Mwantumu akaketi kando yake.

"Miezi yote hii," alisema, "ni leo tu umeniuliza. Nilisema moyoni, mwanangu amekuwa mtu mkubwa, hana tena haja ya kujua kama nimekula. Sikutaka kukusumbua."

Jamani, tuwe waangalifu na vitu vinavyotuahidi utulivu. Akili ya mtu siyo kitambaa, huwezi kuipasua katikati, upande mmoja uwe wa kazi na mwingine uwe wa ndoto. Anayemwazia Tausi usiku wake utakuwaje ndiye huyo huyo anayeiwazia kamba kama itafika jioni, na ndiye anayempigia mama yake simu bila sababu. Ukiuondoa wasiwasi, angalia vizuri, huenda umeondoa na upendo.

Jumatatu Gwandu alimngojea mlangoni, vikombe viwili mkononi.

"Sasa nifanyeje, dada Siku? Nifungue zamu ya waoga?"

"Fungua. Na chai yangu usisahau sukari."

Akafungua kweli. Kila zamu ilipoanza, mtu mmoja alitakiwa aseme ubaya gani ameuwaza, hata kama ni wa kipuuzi. Wengine walicheka mwanzoni. Sikudhani alirudi kuandika wakati wa chakula, mistari michache, mchuzi ukidondokea karatasi.

Jumamosi moja, baada ya kama mwezi, alifika Misuna.

"Kurasa ngapi?" aliuliza Bi Mwantumu, akivuta ungo.

"Mbili tu, mama."

"Mbili! Na mwezi mzima huu? Haya, soma. Huyo Tausi ameshalipata lile shamba alilokuwa akilitafuta, au bado anazubaa?"

"Amelipata. Yuko katikati ya alizeti, asubuhi, tiara zinainuka."

"Enhe. Na alizeti nazo, upepo wa tiara ukizipitia, zinaliaje?"

Sikudhani akazikunja kurasa zake. Akatabasamu.

"Sijui bado, mama. Jumatatu nikiwa kazini nitazisikiliza."

"Haya," alisema Bi Mwantumu, akatupa kokoto nje ya mlango. "Nitangoja."