Muulizeni Jackie Mwenyewe

Josphat alikuwa jikoni, katika fleti yao ya mtaa wa Ruwi, huko ughaibuni, akichemsha chai. Dada yake Jackie alikuwa chooni akilia. Mkojo ulitoka matone matone, ukichoma kama pilipili.

Jackie alipozaliwa, watu walisema ni mvulana. Yeye alijijua msichana tangu utotoni. Mwaka huo alikwenda Bangkok, akafanyiwa upasuaji wa sehemu za siri ili mwili ufanane naye. Kidonda kilipona. Mkojo ndio uliokuwa ukipungua nguvu kila wiki.

Simu ya Josphat ikaita. Ilikuwa hospitali ya Bangkok.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Vizuri sana, daktari. Tunashukuru Mungu." Simu ikakatwa.

Mlango wa choo ukafunguka kwa kishindo.

"Nani vizuri?" Jackie alifoka. "Ni wewe unayekojoa?"

"Dada, punguza sauti. Mtu akikuuliza hali, unasema nzuri. Si ndivyo tulivyolelewa?"

"Basi nizikeni na hiyo hali nzuri!"

Kelele zilimleta Pauline, muuguzi Mkenya wa mlango wa pili. Jackie hakumficha kitu. Pauline alisikiliza, akakasirika kuliko wote wawili.

"Josphat, leo umefanya upumbavu. Mkojo ukiziba, figo zitaharibika. Na hao madaktari! Wanatazama kidonda, wanaandika amepona. Hapo wamepima kazi ya mikono yao. Maumivu yake watayaona wapi?"

"Sasa waulize vipi?"

"Kwanza wamuulize yeye, si wewe. Pili, waache habari ya hali. Mkojo unatoka vipi? Maumivu ni mangapi, kuanzia sifuri hadi kumi? Akiguswa anahisi? Mwili wake anaupenda? Waulize kabla ya kupasua, halafu wamrudie na maswali yale yale baada ya miezi. Hapo ndipo utajua kama upasuaji umemfaa."

"Hata hilo la kuguswa?"

"Hata hilo! Ukiona haya, nenda ukanunue mkate."

Josphat akaenda.

Jackie akapiga simu Bangkok mwenyewe. "Maumivu ni manane. Mwezi uliopita yalikuwa matatu. Mkojo ni matone tu. Mwili wangu naupenda, sijutii. Lakini ninyi hamkuniuliza hata siku moja!"

Daktari akajibu: "Njia ya mkojo imebana. Nenda hospitali leo."

Siku hiyo hiyo, daktari mmoja wa hospitali ya Bawshar, mjini humo humo, aliipanua ile njia. Jackie alikojoa bila kulia.

Wiki iliyofuata muuguzi wa Bangkok alimpigia Jackie, akamuuliza jambo moja moja. Maumivu yalikuwa yameshuka hadi moja.

"Na wenzangu mliowapasua?" Jackie akauliza. "Wao mmewauliza?"

"Tumeanza leo asubuhi."

"Mmechelewa sana," alisema Jackie. "Haya, leta swali lingine."