Njia ya Choo, Ngome ya Brannoch

Bahari ilikuwa imeshafunga njia Dod Mowat alipogeuka kuangalia. Kwa hesabu yake, maji yalipaswa kuanza kupanda saa moja baadaye.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kila kiangazi saa za nchi husogezwa mbele kwa saa moja, na kwa miaka arobaini jedwali la kupwa na kujaa kwa maji la bandari yao lilimwachia msomaji aongeze saa hiyo mwenyewe. La mwaka huu lilikuwa limeshaongezwa. Ishbel, mke wa mwanawe Magnus, alimwambia hivyo walipokuwa wakinywa chai. Dod, mvuvi mstaafu mwenye kichwa kigumu, alimjibu kwamba yeye alisoma maji kabla Ishbel hajaota meno. Akaongeza saa yake, wakashuka hadi chini ya magofu ya ngome kuchukua mtego wa kambakoche uliotupwa ufukweni na dhoruba.

Simu ya Ishbel haikushika mtandao pale chini. Dod alijaribu kupita kwenye pembe ya mwamba. Wimbi likambamiza, mkono wake wa kulia ukavunjika. Ishbel alimburuta kwa ukosi wa koti, akaufunga mkono kwa skafu. Maji yale yalikuwa ya baridi kali. Mzee wa miaka sabini na moja asingemaliza robo saa ndani yake, na wote wawili walilijua hilo.

Nyuma yao mwamba ulikuwa na ufa mpana. Juu ya ufa ulianza mfereji wa mawe wa choo cha kale, uliopanda ndani ya ukuta hadi ngomeni.

"Tunapanda pale, baba."

"Pale ni chooni kwa mabwana wa ngome."

"Mabwana wana miaka mia tano hawajaingia. Inuka."

Alikata kamba ya mtego, akamfunga mzee kifuani, akatangulia. Alikaza mgongo upande mmoja na miguu upande wa pili, akavuta. Dod akasukuma kwa miguu kutoka chini. Mawe yalikuwa na utelezi na kinyesi cha ndege. Mara moja mzee aliteleza, kamba ikamchuna Ishbel viganja vyote viwili. Aliogopa, na hasira zilimpanda kuliko woga.

"Achia kamba," Dod alisema. "Una watoto."

"Nikuachie, halafu Magnus nimwambie nini? Sukuma mguu, mzee."

Akasukuma.

Walitokea kwenye tundu la choo, ndani ya chumba kisicho na paa, wananuka, damu na tope mwili mzima. Mume na mke waliokuja kutembelea magofu walisimama wakiwatazama. Ishbel akaomba simu yao, yake ikiwa imelowa, akaita msaada. Yule mume, alipoona sweta la mvuvi, alimuuliza mzee kama leo maji bado yanaruhusu kushuka ufukweni.

Dod alimwangalia, kisha akaelekeza kidevu kwa Ishbel.

"Muulize huyo," alisema. "Anayejua maji ni yeye."