Mkono wa Amne

Kila Ijumaa jioni, Amne na binamu yake Khelef walipanda basi kutoka Al Mankhool, mtaa wao katika mji wa Kiarabu walikoishi, hadi kiwanja kilicho nyuma ya maghala ya mtaa wa Al Quoz. Huko kocha Ramathan, Mganda mrefu asiye na haraka, aliwafundisha watoto besiboli. Amne, binti wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa mrushaji mkuu wa timu. Alimrushia mpigaji mpira, na wapigaji wengi waliishia kupiga upepo.

Zamani kocha mwenyewe alikuwa mrushaji wa kulipwa huko Japani. Siku hizi alikuwa mlinzi wa jengo, akifundisha siku zake za mapumziko. Sasa mkataba wake wa kazi ulikuwa unaisha, na mechi ya Jumamosi ingekuwa ya mwisho kabla hajarudi Uganda. Amne aliapa moyoni kumuaga kwa ushindi.

Lakini kiwiko chake kilikuwa kikimuuma kwa majuma kadhaa, naye hakumwambia mtu. Kila jioni, bibi yake, Bi Masuda, alipofukiza udi nyumba nzima, Amne alijifungia bafuni akajichua kwa mafuta ya karafuu ya bibi. Harufu ya udi iliimeza ya karafuu. Ujanja huo ulimfaa nyumbani, ila kiwanjani hapakuwa na udi.

Jumamosi, kama desturi yake kabla ya mechi, kocha alimwuliza kila mrushaji huku akimtazama machoni.

"Amne, mkono?"

"Mzima, kocha."

Kocha akainama, akanusa. "Na hii karafuu? Umetoka kupika pilau?"

Khelef alicheka. Amne hakuweza kucheka. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imefika mwisho.

Kocha alimvuta kando, akainua mkono wake mwenyewe wa kulia. Ulifika usawa wa bega, ukagoma.

"Unaona? Khalas, mwisho hapo. Kule Japani nilikuwa nasema 'mzima' kila siku, naogopa nafasi yangu watampa mwingine. Siku moja bega likachanika ndani, nikasikia. Sijarusha tena mpaka leo. Sasa nakuuliza tena, mwanangu. Mkono?"

Amne aliwatazama wenzake wakivaa glavu.

"Unauma, kocha. Unauma sana."

Alikaa benchi, akaitazama timu yake ikishindwa vibaya. Jioni ile daktari alisema kano ya kiwiko imeanza kuchanika. Itapona, lakini asirushe mpira kwa miezi sita.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Bi Masuda alimwambia. "Mafuta yangu ni ya kuchulia mgongo, si ya kuwafumba watu macho."

Siku ya safari, kocha alipita nyumbani kuwaaga. Amne alimwona tu, machozi yakamtoka.

"Nilitaka kukupa ushindi, kocha. Nitakapopona hutakuwapo."

"Kweli, sitakuwapo," kocha alisema, na macho yake pia yalilowa. "Hata mimi naumia. Lakini ushindi huo ungenifurahisha mpaka uwanja wa ndege tu. Baadaye ningekumbuka kwamba mkono wako uliharibika kwa ajili yangu. Mwili ukilalamika, usiuzibe mdomo. Mwambie mtu mzima mapema, hata kama ukweli utakunyima kitu unachokipenda."

Amne aliupokea mkono wa kulia wa kocha, akaubusu kama watoto wa kwao wanavyobusu mikono ya babu zao.